Nyuma ya Bi Harusi: Kusoma Picha za Nyumba za Kariakoo

Sisi wanafunzi wa fasihi swali la mandhari tunalijibu haraka mno. Tunaandika kwamba riwaya imejengwa "katika mandhari ya mjini", tunaweka nukta, halafu tunakimbilia wahusika na dhamira, maana huko ndiko kwenye alama. Mandhari tunayachukulia kama pazia la jukwaani: lipo ili waigizaji wasisimame mbele ya ukuta mtupu. Hivi, mtu anayesoma Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa (1990) na hajapata kuona jiji lilivyokuwa miaka hiyo, anaona nini kichwani mwake? Anaona jiji la leo. Anayapachika maghorofa ya vioo mahali palipokuwa na paa za bati, na hana habari kwamba amefanya hivyo.

Katika makala haya nitalitazama hilo pazia lenyewe kwa kutumia mfano mmoja, yaani picha za majengo ya Kariakoo. Nimechagua Kariakoo kwa sababu ni mtaa ambao kila Mtanzania anadai kuujua, na pia kwa sababu majengo yake yamebadilika mno kiasi kwamba mzaliwa wa hapo aliyeondoka miaka ya 1980 akirudi leo hana budi kuuliza njia. Hoja yangu ni kwamba picha za nyumba za kawaida za Kariakoo zipo, tena ni nyingi, ila hazikupigwa kwa ajili ya nyumba. Nyumba imekaa nyuma ya mtu. Kuitoa huko kunahitaji ujuzi uleule wa uhakiki tunaojidai kuwa nao.

Tuanze na majengo yaliyobahatika kupigwa picha yenyewe kama yenyewe. Ukikusanya kadi za posta na kalenda za Dar es Salaam za miaka mingi utakutana na sura zilezile: Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mnara wa Saa, Sanamu ya Askari. Kwa nini hayo? Jibu la haraka ni kwamba ni mazuri. Jibu jingine, ambalo kwangu ndilo lenye uzito, ni kwamba yana nafasi mbele yake. Jengo lililojengwa ili litazamwe huachiwa uwanja, bustani au njiapanda, na mpiga picha akifika hukuta mahali pake pa kusimama pameshaandaliwa. Kwa maneno mengine, aliyejenga ndiye aliyechagua picha, na mwenye kamera amefika tu kuipokea.

Sanamu ya Askari ni mfano wa kufundishia. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, von Wissmann. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na yanawakumbuka pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake na bunduki yake. (Sanamu ya Nairobi ya kumbukumbu hiyohiyo ina watu watatu, na mpagazi yumo.) Sasa huyo mpagazi wa Dar es Salaam alikwenda wapi? Alikwenda Kariakoo. Jina lenyewe ni matamshi yetu ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Askari alipewa sanamu, mpagazi akaachiwa jina la mtaa. Mmoja anapigwa picha kila siku na watalii, na mwingine hukaa midomoni mwa makondakta wa daladala, "Kariakoo, Kariakoo, wa mwisho huyo!" Ukiyasoma hayo mawili pamoja utaona kwamba lugha imehifadhi kitu ambacho picha haikuweza kukihifadhi.

Na Kariakoo kuna mifano zaidi ya hapo. Shabiki wa mpira anaposema "Wekundu wa Msimbazi" au "Wanajangwani" anakuelekeza mtaa hata kama hajui kwamba anakuelekeza. Mtaa wa Uhuru ulikuwa ukiitwa Kichwele. Mtaa wa Lumumba ulikuwa New Street, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kibao cha mtaa ni matini fupi kuliko zote na mara nyingi ndiyo yenye siasa nyingi kuliko zote. Mtu anayepiga picha ya njia panda akakikata kibao kwa sababu eti kinaharibu sura, amekata mstari wa kwanza wa hadithi.

Jengo la kihistoria ndani ya Kariakoo kwenyewe ni soko. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, na chini ya ardhi kuna sehemu ambayo wafanyabiashara huiita shimoni. Picha zake za awali zinaonyesha jengo kubwa lililowazidi kimo majirani zake wote. Siku hizi ukilitafuta kwa macho kutoka mbali hulioni, limezungukwa na maghorofa pande zote. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua moto, na siku iliyofuata picha zake zilikuwa katika kila simu ya mkononi. Nadhani katika wiki ile soko lilipigwa picha nyingi kuliko katika miaka kumi iliyotangulia. Ndivyo ilivyo: kamera huja wakati wa sherehe ya ufunguzi, halafu huja tena wakati wa msiba.

Sasa tuje kwenye nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo haikuwa na fumbo. Mbele kuna baraza la saruji. Unaingia mlango wa katikati, unakuta korido, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na mwisho wa korido unatokea uani penye jiko, bafu na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo, baadaye zikapigwa lipu, baadaye matofali. Paa zilianza kwa makuti, zikaja za madebe yaliyokunjuliwa na kugongwa yakawa bapa, halafu mabati ya dukani. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Mpango huu ulirudiwa nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, juu ya viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Kitu kilichopo kila mahali hakimshawishi mtu kukipiga picha. Enzi za filamu mkanda ulikuwa na picha 36, na kusafisha kulikuwa na gharama yake. Nani angepoteza picha hata moja kwa nyumba ya jirani inayofanana na yake? Sheria nayo haikuwa na macho ya kuziona nyumba hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Hebu fikiri: Dar es Salaam yenyewe, kama mji wa Sultani Majid, ilianza kujengwa miaka hiyohiyo ya 1860! Kwa hiyo karibu jiji zima limezaliwa likiwa limechelewa. Mwaka 1995 Serikali ilitangaza majengo kadhaa na eneo la katikati ya jiji kuwa ya kuhifadhiwa, jambo jema, lakini nyumba ya udongo ya vyumba sita si kitu ambacho tangazo la namna hiyo hukilenga.

Wenzetu wengine walifanya nini? Katika miaka ya 1860 jiji la Paris lilipokuwa likibomolewa na kupangwa upya chini ya Haussmann, halmashauri ilimlipa mpiga picha, Charles Marville, apige mitaa iliyokuwa karibu kuondolewa. Akapiga picha zaidi ya 400. Huko Glasgow, Thomas Annan alipewa kazi kama hiyo kati ya 1868 na 1871. Tusiwaonee wivu sana. Wote wawili walilipwa na watu waleule waliokuwa na sababu ya kubomoa, na mhakiki mwenye macho huuliza kama vichochoro vile vilikuwa na giza kiasi kile, au giza lile lilikuwa sehemu ya hoja ya mwenye kulipa. Hata hivyo mitaa ile ipo katika picha. Kariakoo hakukuwa na Marville. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha hapa nchini kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ametuachia picha nyingi ambazo sasa zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, lakini jicho lake ni la mkoloni na mtazamaji wake alikuwa Ulaya. Alichokiona kinafaa, alichokiacha tutakitafuta kwingine.

Kwingine ni chini ya kochi. Kila familia ya mjini ina albamu, au bahasha, au boksi la viatu lililojaa picha. Humo mna bi harusi anatolewa nje, mna watoto wa Idi waliopangwa kwa urefu, mna kijana amesimama na baiskeli mpya, mna maulidi, mna hitima. Hakuna aliyekusudia kupiga nyumba. Lakini nyuma ya bi harusi kuna mlango, na pembeni mwa mlango kuna dirisha la mbao lenye nondo, na juu ya kichwa cha shangazi inaonekana ncha ya paa. Unaweza kuliona bati lina kutu kiasi gani. Unaweza kuona kama barabara ni mchanga au lami, kama nguzo ya umeme imeshafika, kama baraza ni la kukalia au limeshajengewa kibanda cha duka. Kivuli kitakwambia nyumba ilikuwa upande upi wa mtaa, ukijua tu picha ilipigwa asubuhi au jioni. Hii ndiyo kazi ya mhakiki! Tunafundishwa kusoma yale ambayo mwandishi hakukusudia kuyasema, halafu tukipewa picha tunamtazama bi harusi tu.

Ila tusiisome albamu kwa pupa, maana nayo ina uongo wake. Zamani watu wengi hawakupiga picha nyumbani kabisa, walikwenda studio. Studio ilikuwa na pazia lililochorwa: bahari, ndege, ngazi za jumba, bustani ya maua ambayo haipo popote duniani. Mpangaji wa chumba kimoja cha Mtaa wa Sikukuu alivaa suti akasimama mbele ya ndege. Nyumba yake haimo kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka iwemo. Kutokuwepo kwake si pengo la bahati mbaya, ni maoni. Anayelia leo kwamba nyumba za zamani zilikuwa na utu asisahau kwamba wenyewe walilipa pesa wapigwe picha mbali nazo. Familia sita, choo kimoja, masika yanapiga, uani pamejaa maji: hakuna mtu aliyetaka hilo libaki katika kumbukumbu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha, nalo linatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Mpiga picha akisimama barabarani anapata nusu ya nyumba tu, na nusu hiyo ni ya wanaume. Baraza lilikuwa lao: bao, kahawa, tashtiti, siasa, Simba na Yanga. Wanawake walikuwa uani. Ni uani ndiko ukuti, mafumbo, ngano za jioni, nyimbo za kumcheza mwali na masimango ya ukewenza vilikoishi. Ukiandika historia ya Kariakoo kwa picha za barabarani peke yake utatoa mtaa wa wanaume waliokaa, na utasema kwa ujasiri kwamba baraza ndilo lilikuwa chuo cha sanaa ya mazungumzo. Lilikuwa chuo, ndiyo, lakini kimoja kati ya viwili. Cha pili kilikuwa nyuma ya korido na kamera haikukaribishwa. Picha za uani zilizopo mara nyingi zilipigwa shughulini, na mara nyingi ziko mikononi mwa wanawake wenyewe. Hawazitoi ovyo, na wana haki. Jengo jipya la Kariakoo lina maduka chini, stoo juu, labda vyumba vya kuishi juu zaidi. Baraza limekuwa mlango wa duka, machinga amepanga viatu, lakini angalau unaweza kuonyesha kwa kidole lilipokuwa. Uani haupo kabisa, umejengewa juu.

Imetokeaje? Picha mbili za kabla na baada hazijibu swali hili, japo ndizo zinazopendwa kuliko zote. Nyumba ya bati kushoto, ghorofa kumi kulia, na chini yake msomaji anachagua wimbo wake: wa maendeleo au wa maombolezo. Katikati ya picha hizo mbili mna mambo mengi yasiyo na sura. Mna sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa ya Msajili wa Majumba. Kwenye maghorofa ya zamani ya Wahindi utaona bado mwaka wa ujenzi na pengine jina la mwenyewe limechorwa kwa lipu juu ya ukuta, ingawa umiliki ulishabadilika. M. G. Vassanji, katika hadithi fupi za Uhuru Street (1991), ametuonyesha maisha ya wenye maduka wa mtaa huo. Soma kitabu huku una picha ya maghorofa hayo, utaona ulivyokuwa ukiruka mambo. Mna tena kulegezwa kwa biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zikamiminika, na kiwanja cha Kariakoo kikawa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Mna ndugu saba wanaogombea mirathi ya nyumba moja. Mna mbia anayekuja na fedha, wenye kiwanja wanatoa ardhi, wanagawana orofa. Picha moja kila mwaka kwa miaka kumi, kutoka mahali palepale, ingeonyesha nyumba iliyofungwa, nyumba isiyopakwa chokaa kwa sababu warithi hawaelewani, uzio wa mabati, shimo, nguzo. Huo ndio mtiririko wa visa. Picha ya kwanza na ya mwisho ni sawa na kusoma jalada la mbele na la nyuma.

Na ujenzi haukuwa salama wakati wote. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la Kariakoo liliporomoka, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Baada ya ajali kama hiyo watu hutafuta picha za zamani za jengo: lilikuwa na orofa ngapi, nini kilikuwa kikichimbwa chini. Picha ya mtaa ambayo jana ilikuwa ya kupoteza muda inageuka kuwa ushahidi.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii, mambo machache ya mkononi. Mitaa ya Kariakoo ni myembamba, jengo zima haliingii, na ukiinamisha kamera juu kuta zinaonekana kama zinaanguka kwa nyuma. Wengi hupanda ghorofa ya jirani. Ni sawa, lakini ujue kwamba ukiwa juu umelipoteza baraza, kibao na nyuso, umebaki na mapaa, na mapaa huzungumza habari za mwenye mali tu. Piga pande zote mbili. Nenda asubuhi mapema kabla maduka hayajafunguliwa ili uone kuta, kisha rudi saa tano uone mtaa unavyoishi. Usikimbie nyaya za umeme.

Watu watakuuliza. Utasema, "Shikamoo mama, naomba kupiga picha ya nyumba," na utajibiwa, "Marahaba mwanangu, nani amekutuma?" Swali hilo lina historia ndefu kuliko kamera yako. Mtu aliyefika na kamera, kalamu na karatasi mara nyingi alikuwa dalali, au mpimaji, au wakili wa ndugu mwingine. Jibu kwa ukweli, na kama umekataliwa shukuru uondoke. Ukikubaliwa, rudi na nakala iliyosafishwa kwenye karatasi. Hapo ndipo boksi la viatu hutolewa chini ya kochi, hata bila wewe kuliomba, na huko ndiko ulikokuwa ukielekea tangu mwanzo.

Albamu ikifunguliwa usiwe na haraka ya kunakili. Uliza kwanza: huyu nani, hapa wapi, nani alishika kamera, huu ukuta ni wa nani. Andika majibu nyuma ya nakala kwa penseli, maana wino hupenya: jina la mtaa la sasa na la zamani, namba ya nyumba, mwaka au angalau "kabla ya Fulani kuzaliwa". Simu zetu huhifadhi tarehe na mahali pa picha zenyewe, lakini ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maelezo hayo huondolewa na picha hubanwa. Nusu ya picha za Kariakoo zinazozunguka kwenye makundi leo ni yatima wa aina hiyo, hazina siku wala mtaa, na bibi ambaye angeutambua ule mlango wa buluu hayumo kwenye kundi.